Kulea katoto ka kondoo yatima hapa Goma: kuanzia siku unakabeba mpaka kaache maziwa

Huku kwetu watu wengi wanapata katoto ka kondoo bila kupanga. Umeenda Kibumba, ao Sake, ao umepanda Masisi kuona shamba la mjomba, unakuta kondoo mama amekufa kwa kuzaa, ao amezaa mapacha na mmoja anamsukuma na kichwa hataki anyonye, mchungaji anakwambia beba huyu, akibaki hapa kesho hayupo. Unambeba. Ukifika Goma kitu cha kwanza kila mtu anawaza ni maziwa, anatuma mtoto butiki mbio, anajaza biberoni, anamlazimisha mnyama anywe. Hapo njo tutoto twingi twa kondoo tunapotea. Mara nyingi yatima hafi kwa njaa peke yake, anakufa kwa baridi, ao kwa maziwa mengi yaliyoingizwa ndani ya tumbo lililopoa. Kwa hiyo shika mpangilio huu tangu mwanzo: joto, kisha maziwa kidogo kidogo, kisha mwenzake wa kuishi naye. Yote nitaeleza chini inafuata huo mpangilio.

Kabla ya kukabeba

Uliza kwanza kama kanaweza kubaki. Kama kuna kondoo mwingine aliyepoteza mtoto wake siku hiyo, ao mbuzi mwenye maziwa ya kutosha, wajaribu kumpa. Wachungaji wenye uzoefu wanapakaza yatima maji ya uzazi ya yule mama mpya, ao wanamvika ngozi ya mtoto aliyekufa, juu kondoo anamtambua mtoto wake kwa harufu. Ikikubali, acha hapo hapo, hakuna biberoni inashinda mama.

Kama haiwezekani, uliza mambo matatu na usione haya kuuliza: kamezaliwa saa ngapi, kamekunywa maziwa ya kwanza ao bado, na mama amekufa na nini. Hii ya tatu watu wanaisahau. Kama mama alikuwa na makamasi mazito, vidonda mdomoni, kuhara, na wengine ndani ya kundi wako hivyo hivyo, usilete huyo mnyama ndani ya parsele yenye mbuzi. Inaweza kuwa PPR, ile tauni ya mbuzi na kondoo, ambayo mwaka 2012 FAO ilitoa tahadhari juu yake hapa Congo. Haiingii kwa mtu lakini inaweza kumaliza zizi la kartie nzima.

Maziwa ya kwanza, hapa usicheze

Kondoo anazaliwa bila kinga yoyote kutoka tumboni mwa mama. Kinga yote iko ndani ya ile maziwa ya kwanza, nzito, ya manjano, na utumbo wa mtoto unaipitisha kuingia ndani ya damu kwa masaa machache tu, kila saa inayopita mlango unazidi kufunga, ikifika masaa 24 umeshafunga. Ndiyo maana nasema ulize saa. Lengo ni apate mara ya kwanza ndani ya masaa 2, na isipite 6.

Kipimo: mililita 50 kwa kila kilo ya mwili, kwa mlo mmoja, mara 4 ndani ya masaa 24 ya kwanza. Kondoo wetu wa huku wanazaliwa wadogo, kilo 2 ao 3. Wa kilo 3 atakunywa mililita 150 kila mara. Kupima uzito, panda wewe ku mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa.

Utaipata wapi? Kama mama amekufa sasa hivi kwa shida ya uzazi tu, si ugonjwa, kamua haraka ziwa lake kabla hujaondoka. Kama hapana, tafuta kondoo ao mbuzi aliyezaa siku hiyo, na kama hakuna, ng'ombe aliyezaa, na upande wa Masisi na Kibumba ng'ombe hawakosekani. Omba chupa moja, watu wanatoa ukiwaeleza. Mwenye friji ya kugandisha anaweza kuweka akiba ndani ya vichupa vidogo. Ukitaka kuyeyusha, weka chupa ndani ya maji ya vuguvugu tu. Usichemshe hata kidogo, moto unaua ile kinga na unabaki na maziwa matupu.

Kama masaa 24 yamepita na hakakunywa, bado unaweza kukalea, lakini jua kako uchi mbele ya magonjwa, usafi uwe mara mbili na veterineri umwambie mapema.

Njiani

Kapanguse kakauke kabisa na kitambaa kabla ya kutoka. Mnyama mwenye maji akipigwa na upepo juu ya moto (pikipiki), barabara ya kutoka Kibumba ile asubuhi, dakika chache tu joto lote limeenda. Kafunge ndani ya kitenge kikavu ao blanketi ndogo, kaweke ndani ya jaketi yako ku kifua, ao ndani ya kitunga chenye nyasi kavu, kichwa nje ili kapumue. Chupa ya maji ya moto iliyozungushwa kitambaa kando ya tumbo inasaidia sana. Usikafunge miguu ukakatupa ndani ya mfuko nyuma ya moto kama watu wanavyopeleka mbuzi soko. Na usikanyweshe njiani moto ikiruka ndani ya mashimo, maziwa yanaingia mapafu.

Kidole na termometri

Umefika. Kabla ya kitu chochote, weka kidole safi ndani ya mdomo. Mdomo wa moto na ulimi unanyonya kidole kwa nguvu, ni dalili nzuri. Mdomo baridi, hakanyonyi, hapo hatari. Kisha nunua termometri ya watu ku farmasi, ile ya dijitali, weka mafuta kidogo, ingiza nyuma taratibu. Hiyo termometri ibaki ya mnyama, usirudishe kwa watoto.

Kondoo mwenye afya yuko kati ya digrii 39 na 40. Kwake si homa, njo kawaida yake.

Ikiwa kati ya 37 na 39: kausha, weka pahali pa joto pasipo upepo, kape maziwa, kisha pima tena baada ya nusu saa.

Ikiwa chini ya 37, angalia umri. Kama kamezaliwa hakajafikisha masaa 5, kausha na kapashe joto kwanza mpaka kapite 37, kisha njo kanyweshwe. Kama kamepita masaa 5, ngoja, hapa watu wengi wanapotea njia. Ile sukari kamezaliwa nayo imekwisha, ukikapasha joto hivyo hivyo kanaweza kupata kifafa na kufa mbele ya macho yako. Piga veterineri simu, kanahitaji sindano ya glukozi tumboni kabla ya joto, na ni yeye anajua pa kuchoma na kipimo gani. Kama kanainua kichwa na kanameza vizuri, maziwa ya kwanza yanaweza kutangulia joto. Kichwa kikilegea, usiweke kitu chochote ndani ya mdomo, kabisa, hata kijiko kimoja.

Kukapasha joto: kartoni ama beseni kubwa, nyasi kavu, bidoni ndogo ama chupa 2 za maji ya moto zilizofunikwa kitambaa, moja kila upande, na blanketi juu ukiacha pua. Chupa isiguse ngozi moja kwa moja, itaunguza. Badilisha maji yakipoa. Pima kila nusu saa ili usipitishe.

Na naomba sana, usilete mbabula, lile jiko la makaa, ndani ya chumba umefunga. Najua baridi ya usiku hapa, tuko kwenye mita karibu 1,500 na msimu wa mvua saruji inakuwa barafu, lakini moshi wa makala ambao hauonekani hauchagui, utaua katoto ka kondoo na watoto wako waliolala chumba cha pili. Washa nje, chemsha maji nje, ingiza maji.

Kakiwa na joto, shughulikia kitovu. Chovya chote ndani ya iodi, ama Betadine kama njo unapata farmasi, rudia mara kadhaa siku ya kwanza mpaka kikauke. Kupitia kitovu kibichi vijidudu vinapanda mpaka ku viungo, wiki mbili baadaye unaona mnyama anachechemea na goti limevimba, na kutibu hiyo ni kazi ngumu kuliko chupa moja ya dawa.

Pa kulala

Ardhi yetu ni mawe ya volkano, yanakata na yanashika baridi. Panga mbao, ao palete, juu weka nyasi kavu nyingi ama takataka za mbao kutoka kwa seremala (ule unga mwembamba sana hapana, unaingia pua). Piga magoti, bonyeza na mikono, magoti yakitoka na unyevu basi badilisha. Upepo usipite chini ku usawa wa mnyama, lakini juu hewa itembee, chumba chenye harufu ya mkojo kinaleta kikohozi. Usiku kafungiwe, juu ya mbwa wa kartie na juu ya wezi.

Maziwa ya kila siku

Maziwa ya kondoo ni mazito kuliko ya ng'ombe, mafuta yake yanakaribia mara mbili. Ile unga ya maziwa iliyotengenezwa kwa watoto wa kondoo ukiipata ni bora, fuata kipimo cha mfuko. Wengi hapa tunatumia maziwa ya ng'ombe mazima yanayoshuka Masisi ndani ya bidoni, na yanalea vizuri tu, au ya mbuzi. Chemsha kwanza kisha poza, kwa ajili ya vijidudu na kwa ajili yenu pia mnaoshika hayo maziwa. Usiongeze maji, muuzaji wengine wameshaongeza tayari. Usiongeze sukari ya mezani, tumbo la kondoo halina namna ya kuivunja, inaleta kuhara. Maziwa ya unga ya watoto wachanga wa watu si chakula chake. Ile ya unga yenye mafuta yote inaweza kuokoa siku moja mbili, ukiichanganya na maji yaliyochemshwa, si maji ya ziwa yaliyotoka Kituku moja kwa moja.

Kwa siku nzima kape kati ya mililita 150 na 200 kwa kila kilo. Wa kilo 3 ni kama mililita 450 mpaka 600, na hiyo unaigawanya mara 5 ao 6 wiki ya kwanza, mlo mmoja uwe wa usiku, uamke. Wiki ya pili na ya tatu mara 4. Wiki ya nne mara 3. Kisha mara 2. Uzito unapanda, pima kila wiki upige hesabu upya. Maziwa yawe ya joto la mwili, ukidondosha ndani ya mkono usisikie moto wala baridi, na saa zisibadilike badilika.

Kila wakati katoto katalia kana kwamba hakajala, katakufuata, katanyonya nguo zako, watoto wa nyumba watakuja kusema mama kana njaa tukaongeze kidogo. Kataa. Angalia ubavu badala ya kusikiliza kilio: simama nyuma yake baada ya kunywa, ubavu ushuke wima kutoka mbavu mpaka nyonga. Umeingia ndani, kana njaa kweli. Umetokeza nje, umezidisha, na mlo unaofuata punguza. Maziwa mengi kwa mara moja yanachacha ndani, tumbo linajaa hewa, linakuwa ngumu, na ndani ya masaa machache unaweza kukuta amekufa na jioni alikuwa anaruka.

Namna ya kunywesha: asimame na miguu yake 4, wewe chuchumaa kando ama nyuma yake, mkono mmoja chini ya kidevu, shingo inyooke na kichwa kiinuke kidogo tu, kama anavyonyonya chini ya mama. Usimlaze mgongo ndani ya mikono yako, najua inapendeza, lakini maziwa yanaenda mapafu na nimonia inafuata. Tetina ya biberoni ya mtoto inatosha wiki za kwanza. Tundu lisiwe kubwa, ukipindua chupa itone, isimwagike. Baada ya kila mlo osha na maji ya moto na sabuni, mara moja kwa siku chemsha tetina na biberoni. Mabaki ndani ya chupa unamwaga, hayangoji mlo wa pili.

Siku za kwanza angalia pia chini ya mkia. Kinyesi cha kwanza ni cheusi, kisha kinakuwa cha manjano kinachonata, kinaweza kukauka na kuziba kabisa. Futa na kitambaa cha maji ya vuguvugu, hiyo kazi mama yake angeifanya na ulimi.

Kuhara

Kwanza angalia kosa la jikoni: chupa chafu, maziwa baridi, kipimo kilipanda ghafla. Kati ya milo ya maziwa kape maji ya serumu ya paketi kutoka farmasi, ile ina glukozi, ukichanganya sawasawa na maji yaliyochemshwa na kupozwa. Ile ya kutengeneza nyumbani na sukari na chumvi tunayowapa watu haifai hapa, sababu ni ile ile ya sukari. Usichanganye serumu ndani ya maziwa, zipishane kwa masaa mawili. Kama macho yanaingia ndani, ngozi ya shingo ukiivuta hairudi haraka, hakataki kunyonya, ama unaona damu, ni ya veterineri siku hiyo hiyo. Kuhara kwa damu kati ya wiki ya 3 na ya 8 mara nyingi ni koksidi, vile vimelea vya utumbo, na antibiotiki ya kununua ovyo pembeni ya barabara haitaitibu.

Kuanza kula

Tangu wiki ya kwanza ama ya pili weka kibeseni kidogo cha maji safi na kishada cha nyasi laini, matete machanga, matembele yaliyonyauka kidogo, na kiganja cha pumba za ngano ama mahindi zilizochanganywa na soya iliyokaangwa na kusagwa. Mwanzo katachezea tu, sawa. Kile kimebaki asubuhi ondoa.

Vitu vya kukataza nimeviona ndani ya parsele karibu zote. Majani ya avoka, sumu kwa kondoo na mbuzi. Majani mabichi ya muhogo na maganda ya muhogo mchungu, sombe kabla haijapikwa ina sumu ya kuua mnyama. Sashe za plastiki, kondoo anazimeza, zinajikusanya tumboni na hazitoki, fagia kila siku. Chakula cha nguruwe ao cha kuku, wengi hawajui, kinaweza kuwa na shaba nyingi, na kondoo ndiye dhaifu kuliko wote kwa shaba, inajilimbikiza ndani ya ini kimya kimya. Na siku Nyiragongo ama Nyamulagira imetupa majivu juu ya nyasi, usimwachie achunge, leta nyasi ya kwingine ama osha vizuri.

Mwenzake

Kondoo mmoja peke yake ni mnyama anayeogopa muda wote. Kama unaweza, lea wawili, hata kama wa pili ni katoto ka mbuzi. Watalala wamegusana, watapashana joto, mmoja akianza kula nyasi wa pili anafuata, na utaona kilio cha usiku kinapungua. Ukikosa, mweke pahali anaona wanyama wengine mchana.

Watoto wa nyumba wapende mnyama, wacheze naye, lakini wanawe mikono na sabuni kila wakati, na wasimbusu mdomoni. Mama mwenye mimba asishike mtoto wa kondoo aliyezaliwa karibuni, wala nguo zenye maji ya uzazi, kuna magonjwa yanayopita hapo yanayoweza kutoa mimba. Ukiona vidonda na magamba ku midomo ya mnyama, tumia glavu, hiyo inahamia ku mikono ya mtu.

Kuachisha maziwa

Usiangalie kalenda tu. Angalia vitu vitatu: ana angalau wiki 6, na kwa anayekunywa maziwa ya ng'ombe mimi naona 8 ni salama zaidi, uzito wake umefika mara 2 na nusu mpaka 3 ya siku alizaliwa, na anakula chakula kikavu karibu gramu 250 kwa siku, siku 3 mfululizo. Punguza mlo mmoja, ngoja siku chache, kisha mwingine. Usimhamishe banda wiki hiyo hiyo, mabadiliko mawili kwa mara moja ni mengi.

Ongea na veterineri juu ya chanjo: PPR inaanza kama miezi 4, na zile za pepopunda na za tumbo ulizie mapema zaidi kwa yatima aliyekosa maziwa ya kwanza. Dawa ya minyoo ipimwe kwa kilo, siyo kwa jicho.

Na kama ni dume, amua mapema. Dume aliyelelewa na biberoni haogopi watu, akikua anaona wewe ni dume mwenzake wa kupigana naye, na kichwa cha kondoo wa mwaka mmoja kinaweza kuvunja mguu wa mtoto. Tangu mdogo hakuna mtu kumsukuma ku paji la uso, hata kwa mchezo, mkwaruze chini ya kidevu badala yake. Kama hutamtumia kwa mbegu ahasiwe akiwa bado mdogo, na veterineri, na kinga ya pepopunda iwe imepangwa kabla. Jike anaweza kurudi kundini Kibumba ama Masisi akishaacha maziwa, lakini mpeleke pamoja na yule mwenzake, na wiki ya kwanza mchungaji awape wote wawili pumba kidogo pembeni mpaka kundi liwazoee.